Kakopo Kwanza, Dawa Baadaye

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye kifungo cha blauzi. Ulikuwa msimu wa kupalilia mahindi, asubuhi, nataka kuwahi shambani, na vidole vikakataa kufunga kifungo cha juu. Nikadhani nimelalia mikono. Nikavaa fulana ya mume wangu, nikaenda zangu kupalilia. Kesho yake vikakataa tena, na keshokutwa, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele mikono yangu yote miwili ilikuwa imevimba viungo kama tangawizi, magoti yanawaka moto, na mimi mwanamke wa miaka ishirini na nane nashuka kitandani kwa kushikilia ukuta.

Naandika haya sasa kwa kuwa nafunga vifungo vyangu mwenyewe. Kuhusu baridi yabisi ni nini na inatoka wapi, waulize madaktari, hilo ni lao. Mimi nitasimulia yale ambayo wakati ule ningependa mtu aniambie: jinsi ya kukaa kwenye benchi kutwa nzima bila kukata tamaa, jinsi ya kuishi na mama mkwe wakati huwezi kushika mwiko, na hasa habari ya kakopo kadogo ka plastiki. Bila hako kakopo nisingekuwa na furaha ya kusimulia.

Mimi ni Mpimbwe, nimezaliwa na kukulia kwenye mpunga. Nikaolewa Kabungu, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao kutoka Shinyanga. Mume wangu Masanja ni mtu wa maneno machache, maneno yote ya ukoo aliyabeba mama yake. Huyo mama namwita Mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na namsalimia kwa kupiga goti. Siku za ugonjwa goti likikataa nilikuwa nainamisha kichwa tu, naye anaangalia pembeni kama vile hajaona. Hilo sitalisahau, maana angetaka kunionea angeanzia hapo.

Mwaka wa kwanza nilitibiwa na kila mtu mwenye mdomo. Nilichanjwa chale magotini. Nilikunywa mizizi michungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilimeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kuuma kuliko viungo. Hospitalini wakanipa vidonge vingine, hivyo vilinisaidia kweli, ila vilinipa uso wa duara. Watu wa kanisani wakanipongeza kwamba nimenawiri, ndoa imenikubali. Nikawa nashukuru, huku nimeshika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili kama mtoto anayejifunza kunywa.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Wifi yangu alisema Wapimbwe wamezoea kula wali, jembe hawaliwezi. Shangazi yake Masanja naye akaja, akakaa siku tatu, na siku ya tatu akauliza, kwa sauti ya kunifikia jikoni, kama Masanja hafikirii kuongeza mke. Masanja akafikiri kidogo. Akasema anafikiria kuongeza jiko la mkaa, kwa sababu kupasua kuni kunamuumiza Ana mikono. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaunguza mboga. Ana ni mimi.

Lakini shangazi hakuuliza kwa sababu ya mikono tu, na mimi nilijua. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Mimba nilikuwa nimezipata mbili. Ya kwanza niliitangaza mwezi wa pili, nilishindwa kuzuia furaha, nikawaambia kina mama wa jumuiya, majirani, mpaka fundi cherehani. Ikatoka. Ya pili nikatangaza tena, safari hii kwa watu wachache, nayo ikatoka. Baada ya hapo Mayu aliniita, akanikalisha kwenye ngozi yake ya ng'ombe, akanipa sheria.

"Ng'wana wane," alisema, yaani mwanangu, "safari ijayo usiseme. Usimwambie mumeo, usiniambie hata mimi. Tumbo litatoka lenyewe, tutaliona. Macho ya watu ni mengi."

Nikasema sawa, Mayu. Kwao ndivyo wanavyoishi, mimba haisemwi. Na mimi baada ya kuzika matumaini mara mbili ningeshika sheria yoyote ambayo ingenipa mtoto.

Sasa ndio tunafika kwenye kakopo. Ilikuwa baada ya mavuno, ule wakati wa baridi ambapo asubuhi viungo vyangu vilikuwa vinakaza kama kamba ya ngozi mbichi iliyoanikwa juani. Hospitali ya Mpanda mjini walikuwa wametuambia daktari wa viungo atakuja, na akija atanianzishia dawa kali zaidi, ya kumeza mara moja tu kwa wiki. Tuliiita dawa ya wiki. Tulimsubiri daktari huyo miezi mitano. Niliiota ile dawa. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoimeza, na kitu cha kwanza nitakachofanya mikono ikirudi. Nilitaka kumenya ndizi bila kumwita mtu.

Siku ya daktari ilipofika Masanja alitupeleka mimi na Mayu kwa pikipiki yake, mimi katikati ili nisidondoke. Mayu alikuja kunisindikiza na pia kupiga picha ya nyonga, iliyokuwa inamsumbua tangu ateleze kwenye josho la ng'ombe. Tukakaa kwenye benchi refu la barazani. Pale kila mtu anajua ugonjwa wa mwenzake, maana nesi ameweka meza yake mwisho wa baraza na anauliza maswali kwa sauti ya kumfikia mgonjwa wa kumi. Nesi mwenyewe alikuwa anaitwa Edita, mfupi, ana haraka, na mezani kwake kulikuwa na safu ya vikopo vya plastiki.

Mbele yetu alikuwepo sista wa kanisani, shela nyeupe imenyooka. Nesi Edita akamsalimia kwa heshima zote, akaandika jina, kisha akampa kakopo.

"Ka nini, mwanangu?"

"Mkojo, Sista. Kipimo cha mimba. Kabla ya eksirei na kabla ya hizi dawa, wanawake wote wanapima."

Baraza zima likageuka kumtazama. "Lakini mimi nimeweka nadhiri," sista alisema taratibu.

"Najua, Sista, na ninakuheshimu mno. Tatizo nadhiri haina kipimo hapa maabara. Mkojo ndio una kipimo."

Sista alimwangalia kidogo, halafu akaangua kicheko mpaka shela ikasogea. Akachukua kakopo kake akaenda zake, na baada ya hapo hakuna mwanamke aliyethubutu kununa. Angenuna vipi, na sista amekubali?

Ikafika zamu ya Mayu. Nesi akamuuliza kama bado anaona siku zake. Mayu alikuwa na miaka hamsini na kitu, lakini mama wa Kisukuma kuulizwa hivyo mbele ya mkwe wake na baba mmoja mwenye bandeji kichwani! Akakunja mdomo, akatazama bati. Nesi akarudia. Mayu akaendelea kutazama bati.

"Sawa, mama. Usiponijibu nakupa kakopo."

"Nipe," alisema Mayu. Akakapokea kama mtu aliyepewa cheo.

Halafu nikaitwa mimi. "Una mimba?" aliuliza nesi Edita, kalamu iko juu ya karatasi.

Hapo nitakwambia ukweli wote, hata kama unanitia aibu. Nilikuwa sijaona siku zangu miezi miwili. Sikuwa na uhakika, kwa sababu tangu niugue mambo yangu yalikuwa hayaeleweki. Lakini asubuhi harufu ya dagaa ilikuwa inanifukuza jikoni, na moyoni nilikuwa najua. Mayu alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi. Sheria yake ilikuwa imenishika ulimi. Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi: niliogopa nikisema ndiyo watanirudisha nyumbani bila dawa. Dawa ya vidole inahusiana nini na tumbo, nilijiambia.

"Hapana," nilisema. Nilisema haraka, kama mtu aliyeulizwa kama ameiba.

Nesi Edita hakuniuliza mara ya pili. Aliandika, akasukuma kakopo upande wangu. "Mimi ya mdomoni naandika tu," alisema. "Haya, choo kiko kushoto."

Tulikwenda mimi na Mayu, kila mtu na kakopo kake. Yeye ndiye aliyenifungulia kitenge, kwa sababu vidole vilikuwa vimegoma. Tuliporudisha vikopo tukakaa. Nilimwona msichana wa dirisha la dawa akiandaa bahasha. Nikajua mojawapo ni yangu. Kitu nilichokingoja miezi mitano kilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, na nilikuwa naomba Mungu mambo mawili yanayopingana: nipate ile bahasha, na kama kuna mtoto, abaki.

Nesi Edita akatoka maabara. Alitutazama wote wawili, akasema, "Mmoja wenu aje ndani."

"Yesu na Maria!" alisema Mayu, ambaye hata kanisani kwetu hasali, na akashika tumbo lake mwenyewe. Baadaye alikiri kwamba kwa dakika nzima aliamini ni yeye.

Alikuwa ananitaka mimi. Ndani kulikuwa na kitanda, kiti kimoja na pazia. Nesi alifunga mlango, na nikashangaa alivyo na sauti ndogo akiwa hana haraka. "Ana, hapa tuko wawili tu. Kipimo kinasema una mimba. Ulikuwa unajua?"

Nikalia. Nililia kama mtu aliyebanwa mlangoni. Nikamwambia yote, mimba mbili, sheria ya Mayu, dagaa. Hakunigombeza. Alinisubiri nimalize, akanipa pamba nifute makamasi.

"Sasa nisikilize. Ile dawa ya wiki ni nzuri, na wewe unaihitaji. Ila mtoto wa tumboni haiwezi. Ungeimeza, ingeweza kumtoa au kumharibu. Ndio maana nawapima wote mpaka Sista. Nikingoja mtu aseme, wengine wanaona haya, wengine hawajui, wengine wamekaa na mama mkwe."

Nilikuwa nimebakiza hatua kumi kumpoteza wa tatu kwa mkono wangu mwenyewe, na hata nisingejua ni mimi. Ningesema macho ya watu.

Nikamwomba amwite Mayu. Nesi akaniuliza kama nina hakika, akasema ni siri yangu, nisiseme kwa kulazimishwa na yeyote. Nikasema nina hakika, maana nilichoka kuibeba peke yangu. Mayu akaingia akichechemea. Nikajaribu kupiga goti, goti likakataa, nikasema nikiwa nimesimama: "Mayu, nisamehe. Nimevunja sheria. Nina mimba."

Mama yule alikaa kwenye kile kiti kimoja. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu siku uliyotoka nje kwa sababu ya dagaa. Nilikuwa nahesabu siku. Nilipokusikia unasema hapana pale nje nilitaka kusema, lakini nimeweka sheria mwenyewe, nitaivunjaje mbele ya watu?" Nesi akamweleza habari ya dawa ya wiki. Mayu akamgeukia. "Kumbe hiyo dawa ingemuua mjukuu wangu na mimi nimekaa pale naangalia bati?"

"Ingeweza, mama."

Mayu alifunga macho. Alipoyafungua alikuwa ameshafuta sheria. "Basi huyu tutamsema," alisema. "Tutamsema kila hospitali. Macho ya watu yakimtaka yapite kwangu kwanza."

Tulicheka, tukalia, tukacheka. Wawili tuliokuwa tunaficha jambo lilelile, bega kwa bega, kwenye benchi moja! Daktari wa viungo aliponiona alibadilisha vidonge, akanipa vingine visivyomdhuru mtoto, akaniambia ule mpango wa dawa ya wiki tunauweka kando mpaka nijifungue na kuacha kunyonyesha. Nilitoka na mimba bila dawa niliyoifuata. Nje Masanja alikuwa amekaa juu ya pikipiki. Mayu hakuniacha hata nifungue mdomo, alimtangazia mbele ya waendesha bodaboda wote. Masanja alishuka, akazunguka pikipiki mara mbili akikagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote, kisha akavua koti lake akanivalisha. Akaendesha polepole mpaka Kabungu, baiskeli zikatupita.

Kama uko mahali nilipokuwa, utataka kujua miezi ile ilipitaje. Wiki za kwanza zilipita kwa hofu. Kila tumbo likivuta nilikuwa nashika ukuta. Mwezi wa tatu, ule uliokuwa unanichukulia watoto, Mayu alihamishia ngozi yake chumbani kwetu mchana, akawa ananisimulia habari za Shinyanga, nyingine zimetiwa chumvi. Mwezi ukaisha. Mwezi wa nne nikaamka asubuhi moja nikajikuna mgongo. Nikasimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimejikuna mgongo mwenyewe, kwa mkono wa kulia, bila kufikiria.

Daktari alikuwa ameniambia kwamba baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu hupata nafuu wakiwa wajawazito, ila hakuniahidi. Mimi nilikuwa kwenye hao baadhi. Mvua za kwanza zilipoanza nilipanda karanga nikiwa na tumbo mbele. Nilikuwa napiga goti namsalimia Mayu hata mara tatu kwa asubuhi moja, mpaka akasema nimemchosha. Wifi yangu alikuja akanikuta natwanga, akachukua mchi. Siku hizi tunapatana.

Naye Mayu kakopo kake hakakusahaulika. Mpaka Magamba kwa ndugu zake watu walijua kwamba hospitali ya mjini imemwona mama yule bado ni wa kupimwa mimba. "Wamenishuku!" alikuwa anasema, anapiga paja. Picha yake ya nyonga ilionyesha hakuna kilichovunjika, lakini hiyo hakuisimulia kwa mtu.

Nilijifungua katikati ya mvua kubwa, msichana, analia kwa sauti ya nesi Edita. Tulimpa jina la Mayu.

Sitakudanganya kwamba yaliishia hapo. Mtoto alipofika miezi mitatu, mahindi yakiwa yanakauka shambani, ugonjwa ulirudi na hasira zake. Nilikuwa nanyonyesha nimelala, kwa sababu kumbeba sikuweza. Mayu ndiye aliyemwogesha, Masanja akajifunza kufunga nepi, akiifunga kama mzigo wa kuni. Nililia sana miezi ile. Vile vidonge visivyodhuru maziwa vilinishikilia kidogo, ukapita mwaka, mtoto akaanza kula ugali kwa dagaa haohao, nikamwachisha. Ndipo nikaenda kuanza dawa ya wiki, na hapo tena kakopo kwanza. Nikapima, sina. Tukapanga na nesi njia ya uzazi wa mpango, mimba isije kwa bahati wakati nameza. Siku ninayomeza nasikia kichefuchefu mpaka kesho yake. Baada ya miezi mitatu nilimenya ndizi, kisha nikamenya nyingine ambayo hakuna aliyeitaka.

Kila nikienda kuchukua dawa wananipa kakopo. Wapo wanawake wanaochukia, wanaona wanadharauliwa au wanashukiwa umalaya. Mimi nakapokea kwa mikono miwili. Nakuomba na wewe, kama huna uhakika, sema huna uhakika. Kama huwezi kusema mbele za watu, omba mkaongee ndani.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani pale. Pembeni yangu alikaa binti wa miaka kama ishirini, vidole vyake vimevimba kama vilivyokuwa vyangu, na mama mkwe wake, mama mkubwa wa mwili mwenye sauti. Nesi alimuuliza lile swali. Binti alimtazama mama mkwe, akasema hapana. Alisema haraka. Akapewa kakopo, akaenda, akarudi. Baada ya muda nesi akachungulia mlangoni, akamwita binti aje ndani. Yule mama naye akasimama, akajifunga kitenge vizuri, tayari kuingia naye.

Asubuhi ile mikono yangu ilikuwa imefua shuka tatu na kukanda unga wa chapati. Nikamshika yule mama mkono wa gauni. "Mama, mwangaluka," nilimwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kinyonge. "Nisaidie kwa upendo wako. Nataka kunawa, na vidole hivi vimekufa ganzi, siwezi kufungua bomba."

Alinitazama, akatazama mlango unaofungwa. Halafu huruma ikamshinda. "Pole, mwanangu. Twende."

Bomba liko nyuma ya jengo, mbali kidogo. Alinifungulia, akasimama kunisubiri. Nikanawa kidole kimoja kimoja, na kila ukucha, na katikati ya vidole. Nikamwomba sabuni. Nikaanza upya.